Tujifunze Udumifu kwa Mtoto Mdogo

Tukitaka kujifunza jambo kubwa, desturi yetu ni kumwendea mtu mkubwa. Kwa mambo ya shamba twamwuliza bwana shamba. Kwa mambo ya mashtaka twamtafuta mwanasheria. Na kwa mambo ya maisha twaketi miguuni pa wazee. Desturi hiyo ni njema, wala hatusemi iachwe. Lakini yako mafundisho ambayo mkubwa ameyasahau, na mdogo angali nayo. Mojawapo ni udumifu, yaani ile nguvu ya moyo inayomfanya mtu airudie kazi iliyomshinda jana, airudie na leo, na kesho pia, mpaka imtii.

Wazee walisema ya kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii twaijua sote, na wengi wetu tuliiandika shuleni tukapewa alama. Hata hivyo, koleo letu likivunjika mara mbili tu, twazima moto, twafunga kiwanda, twawaambia majirani ya kuwa kazi ya uhunzi haina faida siku hizi. Kwa hiyo, katika somo hili, nawaalikeni mketi pamoja nami barazani, tumtazame mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne akicheza. Yeye hajasikia methali yoyote, lakini aitimiza.

Sufuria tatu na vifuniko vyake

Siku ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Mimi ni mweka hazina wa chama kidogo cha kuweka na kukopa mtaani kwetu, na hesabu za mwezi zilikuwa zimenikataa. Nilihesabu fedha mara ya kwanza nikazilinganisha na daftari, zikapungua shilingi 18,000. Nikahesabu mara ya pili, zikapungua vilevile. Basi nikalisukuma daftari kando, nikatwaa karatasi safi, nikaanza kumwandikia mwenyekiti barua ya kuomba kupumzishwa kazi hiyo. Mke wangu aliponiuliza naandika nini, nilimjibu kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Naacha. Kazi hii si yangu."

Chini ya meza yangu alikuwako kitinda mimba wetu. Alikuwa amejitwalia jikoni sufuria tatu pamoja na vifuniko vyake: kubwa, ya kati na ndogo. Alitwaa kifuniko kidogo, akakiweka juu ya sufuria kubwa, kikatumbukia ndani kwa kishindo. Akaingiza mkono, akakitoa. Akatwaa kifuniko kikubwa, akakiweka juu ya sufuria ndogo, kikayumba kikaanguka sakafuni. Akakiokota. Mwanzoni kelele ziliniudhi, nikataka kuita mtu amwondoe. Kisha nikaanza kumtazama. Na kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwangu, kila alipojaribu nilipiga mstari mmoja mfupi pembeni mwa ile barua.

Alipofika mara ya 14 nilimhurumia. Nikainama, nikakishika kifuniko cha kati, nikakiweka juu ya sufuria yake, kikakaa sawasawa. Nilidhani atafurahi. La! Alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa mali yake, akakivua kile kifuniko, akanigeuzia mgongo, akaanza upya. Mara ya 23 kifuniko kilikaa mahali pake kwa mkono wake mwenyewe. Hakupiga makofi wala hakunitazama ili nimsifu. Alikivua tena, akakirudisha. Akakivua tena, akakirudisha.

Nikaitazama karatasi yangu. Pembeni ilikuwako mistari 23 ya mtoto asiyejua kusema sentensi moja kamili. Katikati yalikuwako maneno mazuri ya baba mtu mzima, aliyejaribu mara mbili akaacha. Naungama ya kwamba niliona haya.

Kuanguka si aibu

Jambo la kwanza ambalo mtoto atufundisha ni hili: hahesabu aibu ya kushindwa. Tumtazame anapojifunza kutembea. Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani, akiwamo Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York, walitangaza matokeo ya kuwachungulia watoto wa miezi 12 hadi 19 walipokuwa wakicheza wapendavyo. Walihesabu kila hatua na kila anguko. Wakaona ya kwamba kwa saa moja tu mtoto hupiga, kwa wastani, hatua 2,368, ambazo zikiunganishwa zafika kama mita 700. Na katika saa hiyohiyo huanguka mara 17.

Hebu tupige hesabu. Mtoto akicheza namna hiyo saa tatu kwa siku, ataanguka mara 51. Je, ni nani kati yetu angekubali kuanguka mara 51 mbele ya wakwe na majirani, kisha ainuke akitabasamu? Sisi tukijikwaa mara moja njiani, kwanza twatazama huku na huku kama kuna aliyetuona. Mtu aliyekosea kusoma mbele ya watu mara moja, hatakubali tena kusimama. Aliyekataliwa mkopo mara moja, hapiti tena mbele ya ofisi ile. Maumivu ya mguu hupoa upesi. Yanayotuua ni macho ya watu.

Mtoto hana macho hayo moyoni mwake. Kwake yeye, anguko ni habari tu: habari ya kwamba sakafu imeteleza, au mguu umepelekwa mbali mno. Akiisha kuipata habari hiyo, huinuka na kuitumia.

Lakini tusikose kuona na jambo jingine. Anguko likiwa kubwa, mtoto hulia, hukimbilia mapajani pa mama yake, hutulizwa, pengine hunyonya kidogo. Halafu hushuka akarudi palepale alipoangukia. Basi, kudumu si kukaza meno na kukataa faraja. Adumuye ana mahali pa kurudi apate nguvu. Mtu mzima naye, awe mume, mke au kijana, yampasa awe na mlango anaoweza kuubisha na kusema, "Leo nimeshindwa," asichekwe.

Mtoto hakazani kama kipofu

Jambo la pili ni kwamba mtoto harudii kosa lilelile bila kufikiri. Niliposema alijaribu mara 23, msidhani ya kuwa alifanya kitendo kimoja mara 23. Mara alibadili kifuniko, mara alibadili sufuria. Mara alikigeuza kifuniko chini juu. Mara aliketi kimya akakitazama, kama fundi seremala atazamavyo ubao kabla ya kuukata.

Yuko mtaalamu mmoja wa Uswisi, jina lake Jean Piaget, aliyezaliwa 1896 akafa 1980. Mtu huyo aliandika kwa uangalifu mkubwa michezo ya watoto wake mwenyewe watatu, na katika kitabu alichokitoa 1936 alieleza kisa cha binti yake Lucienne, alipokuwa na miezi 16, umri uleule wa mwanangu. Baba alitia mkufu mdogo ndani ya kibweta cha kiberiti, akakifunga, akaacha mwanya mwembamba tu. Mtoto alikuwa akijua njia mbili: kukipindua kibweta ili mkufu umwagike, au kuingiza kidole auvute. Safari hii alijaribu kidole, hakikufaa, maana mwanya ulikuwa mdogo mno. Ndipo aliposimama kidogo. Aliutazama ule mwanya kwa makini, akafungua kinywa chake na kukifunga mara kadhaa, kila mara akikipanua zaidi. Kisha akatia kidole mwanyani, asiutafute mkufu, bali akakivuta kibweta mpaka kikafunguka. Akautwaa mkufu wake.

Piaget alisema ya kwamba mtoto yule alikuwa akifikiri kwa kinywa chake, kwa kuwa hakuwa bado na maneno ya kufikiria. Kupanua kinywa kulikuwa mfano wa kupanua mwanya.

Hapa twaona tofauti kati ya udumifu na ukaidi. Mkaidi hulipiga jabali kwa kichwa leo, kesho na kesho kutwa, akijisifu ya kuwa hajakata tamaa. Mdumifu halegezi nia yake, lakini njia yake huibadili. Mkulima aliyepanda mbegu moja kwa kuchelewa miaka mitatu, akavuna mabua miaka mitatu, asijiite mvumilivu kabla hajajiuliza habari za mbegu na majira. Kwa hiyo, tukishindwa, kabla ya kurudia tufanye alivyofanya Lucienne: tusimame kidogo, tuutazame mwanya.

Mtoto hupenda kazi yenyewe

Jambo la tatu lilinishangaza kuliko yote, nalo ni kwamba mwanangu alipofaulu hakuacha. Sisi twafanya kazi ili tuimalize. Yeye alikuwa akiifanya ili aifanye.

Jambo hili liliwahi kuonwa na Mama Maria Montessori, daktari wa Italia aliyezaliwa 1870. Mwaka 1907 alifungua nyumba ya watoto wadogo katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma, mtaa wa watu maskini. Siku moja alimwona msichana wa miaka kama mitatu akicheza na vigogo vidogo vya mti, vilivyotiwa katika matundu ya ukubwa mbalimbali. Mtoto alivitoa vyote, akavichanganya, akavirudisha kila kimoja katika tundu lake. Kisha akavitoa tena. Montessori alianza kuhesabu. Halafu, ili apime uthabiti wa mtoto yule, alimwinua pamoja na kiti chake, akamweka juu ya meza, akawaambia watoto wengine waimbe. Msichana alikumbatia vigogo vyake, akaviweka magotini, akaendelea na kazi. Alirudia zaidi ya mara 40. Alipokoma, hakuonekana kuchoka, bali alifanana na mtu aliyeamka katika usingizi mzuri.

Yafaa tukumbuke ya kwamba hakuna aliyemwahidi peremende, wala hakuna aliyemtisha kwa fimbo. Udumifu ule ulitoka ndani. Maana yake ni nini kwetu sisi wazazi? Ni kwamba si sisi tunaoupanda udumifu katika moyo wa mtoto. Twaukuta umekwisha kupandwa. Kazi tuliyopewa ni kuulinda usikanyagwe. Na hapo ndipo penye uchungu wa somo hili.

Hupotelea wapi?

Kwa maana kama kila mtoto huja duniani na udumifu wa namna hii, mbona darasani twaona watoto wa miaka kumi wanaoogopa kunyosha mkono? Mbona kijana huacha ufundi baada ya mwezi mmoja? Mali hii wameipoteza wapi, na nani aliyeipokonya?

Nitajibu kwa habari za nyumbani kwangu, nisije nikawasema wengine. Binti yetu mkubwa yuko darasa la tano. Alipokuwa mdogo alikuwa kama huyu mwenye sufuria. Aling'ang'ania kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe, nasi tukichelewa safari twamwambia, "Lete hapa, wewe huwezi." Tulifanya hivyo kwa haraka, si kwa ubaya. Alipoanza shule akafanya vizuri, tulimsifu mbele ya wageni, "Huyu ana akili sana, hata hasomi." Alipofika kwenye hesabu za sehemu, zikamwia ngumu. Jioni alikuwa akiniletea daftari, nami, nikiwa nimechoka, nilimnyang'anya kalamu nikazifanya mwenyewe ili tulale. Siku moja nilimwambia neno ambalo ningependa kulirudisha kinywani: "Hata hili hulijui?" Tangu siku hiyo hakuleta daftari tena. Mimi nilidhani ameelewa, kumbe ameacha.

Tazameni, wasomaji, makosa ni matatu, na yote yamekwisha kuchunguzwa na wataalamu.

Kosa la kwanza ni kumnyang'anya mtoto kazi. Mwaka 2021 Julia Leonard na wenzake, katika Marekani, walieleza habari za watoto wa miaka 4 na 5 waliopewa fumbo gumu la kupanga vipande. Watoto ambao mtu mzima aliwaingilia akawapangia mwenyewe, walipopewa baadaye kazi nyingine ngumu waliiacha upesi kuliko wale walioachiwa au kuelekezwa kwa maneno. Mkono wa mkubwa ulikuwa umemwambia mtoto, pasipo kusema, "Wewe huwezi."

Kosa la pili ni kusifu vibaya. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walitangaza majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa darasa la tano huko Marekani. Baada ya kazi ya kwanza, wengine walisifiwa kuwa wana akili, wengine walisifiwa kuwa wamefanya bidii. Kisha wote wakapewa kazi ngumu wakashindwa. Waliosifiwa akili walipoteza hamu ya kuendelea, wakafanya vibaya zaidi baadaye. Waliosifiwa bidii waliendelea. Sababu yake yafahamika: aliyeambiwa ya kuwa ana akili akishindwa hufikiri akili imekwisha; lakini aliyesifiwa bidii akishindwa hujua la kufanya, yaani aongeze bidii.

Kosa la tatu ni dhihaka, na kwa hilo hatuhitaji mtaalamu. Kila mmoja wetu akumbuke neno moja aliloambiwa utotoni mbele ya watu, ambalo bado lauma mpaka leo.

"Mbona hata wewe umeacha?"

Sasa nirudi kwenye ile Jumamosi. Jioni, baada ya kumtazama mdogo na vifuniko vyake, nilimwita binti yangu, nikamwambia alete daftari la hesabu ili tusaidiane. Alisimama mlangoni, akainamisha macho kwa adabu, akasema polepole, "Baba, mimi hesabu nimeziacha. Haziniwezekani." Nikaanza kumhubiria: nikamtajia methali ya mhunzi, nikamtajia ya mvumilivu na mbivu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, pasipo ujeuri wowote, "Sasa Baba, mbona hata wewe umeacha za chama?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa amenisikia mchana.

Mwaka 2017 yalitangazwa majaribio yaliyofanywa katika chuo kikuu cha MIT huko Marekani, na yaligusa jambo hilihili. Watoto wa miezi 13 hadi 18 walimtazama mtu mzima akijaribu kutoa kitu cha kuchezea katika chombo, na kufungua kitu kilichofungwa. Mbele ya baadhi yao alihangaika kwa muda, akajaribu hivi na hivi, ndipo akafaulu. Mbele ya wengine alifaulu mara moja bila taabu. Kisha kila mtoto akapewa chombo cha muziki chenye kitufe kikubwa, lakini kitufe hicho kilikuwa hakifanyi kazi. Waliomwona mtu mzima akihangaika walikibonyeza karibu mara mbili zaidi ya wengine, kabla ya kukata tamaa. Watoto wale walikuwa hawajui kusema. Hakuna aliyewapa hotuba juu ya bidii, walitazama tu.

Tuyapime maneno haya. Sisi wazazi tumezoea kuwaficha watoto taabu zetu. Twataka watuone kama mashujaa wasiotoka jasho: fedha zimepatikana, nyumba imejengwa, cheti kimeletwa. Hatuwaambii ya kuwa msingi ulibomoka mara mbili, au kwamba cheti kile tulikifanyia mtihani mara tatu. Kwa kuwaficha hivyo twadhani twawalinda, kumbe twawanyima fundisho. Mtoto ambaye hajapata kumwona mkubwa akishindwa na kurudia, akishindwa yeye hufikiri ni peke yake duniani.

Usiku ule sikuipasua ile barua. Niliigeuza upande wa pili, nikaitumia kuandikia hesabu. Nilimwambia binti yangu, "Keti hapa ufanye zako, nami nifanye zangu, na kila mmoja akikosea aseme." Nikajumlisha kwa sauti, nikakosea, nikasema nimekosea. Tulilala bila kufaulu, mimi wala yeye. Jumapili baada ya Misa tuliendelea. Jumatatu jioni tuliendelea. Siku hiyo ya tatu nilikuta hati moja ya malipo ya shilingi 18,000 imenasa nyuma ya hati nyingine, haikupata kuandikwa daftarini. Furaha yangu haikuwa kwa ajili ya shilingi, kwani hazikuwa zangu. Ilikuwa kwa sababu kulikuwa na macho mawili yaliyonitazama tangu mwanzo.

Je, binti amekuwa bingwa wa hesabu? Hapana, na nisiseme uongo gazetini. Katika zoezi lililofuata alipata nne katika kumi. La kabla yake alipata mbili. Lakini daftari hulileta mwenyewe, bila kuitwa.

Yatupasayo nyumbani

Basi, wazazi wapenzi, tufanye nini? Sitawapa mzigo mzito. Mambo haya hayahitaji fedha.

Kwanza, tumpe mtoto nafasi ya kucheza, tena vitu vya kuchezea vya kawaida: sufuria, vifuniko, vikombe vya plastiki, bunzi la mahindi, sanduku tupu. Si lazima kununua. Lakini tuangalie visiwe vidogo hata akavimeza, wala visiwe na ncha kali, na mtu mkubwa awe karibu. Tukumbuke pia ya kwamba mtoto mwenye njaa, mwenye homa au mwenye usingizi hana nguvu ya kudumu. Huyo si wa kufundishwa, ni wa kulishwa, kutibiwa au kulazwa.

Pili, tuzuie mikono yetu. Mtoto akihangaika na kiatu chake, tuhesabu moyoni mpaka thelathini kabla ya kumsaidia. Akizidiwa kweli, tumsaidie kwa neno kabla ya kumsaidia kwa mkono. Na tukisaidia kwa mkono, tumwachie sehemu ya mwisho aimalize yeye, ili ushindi uwe wake.

Tatu, tusifu kazi iliyofanyika. Badala ya kusema, "Una akili kama baba yako," tuseme, "Nimeona umejaribu njia tatu." Sifa ya namna hiyo yamwonyesha mtoto la kufanya kesho.

Nne, tusimcheke anayejaribu, wala tusiruhusu kaka na dada zake wamcheke. Nyumba iwe mahali ambapo mtu aweza kukosea hadharani.

Tano, tuwaache watoto waone jasho letu. Mama anayejifunza kushona na kufumua, na ashone na kufumua mbele yao. Baba anayejifunza kazi mpya uzeeni, na asijifungie chumbani.

Wako watakaouliza, "Je, mtu asiache jambo lolote kamwe?" Sivyo. Hata mtoto huiacha sufuria akaenda kumfuata kuku, wala hatumlaumu. Yako mambo ambayo busara yasema yaachwe: biashara inayokula akiba ya watoto, au njia ambayo kila mshauri mwema ameikataza. Lakini tuyaache kwa kuwa tumepima, tusiyaache kwa kuwa tumeona haya. Mimi nilitaka kuuacha uhazina kwa haya, nikauita kuchoka.

Alasiri ya leo, ninapoyaandika haya, mwanangu yuko tena chini ya meza. Vifuniko amevizoea, havimpi shida tena. Sasa amepata chupa ya plastiki na kijiti kirefu, na kijiti hakiingii. Amejaribu mara saba. Nimeweka mikono yangu juu ya meza, niione, nisije nikaiacha ikashuka.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni kazi gani ambayo kila mmoja wetu aliiacha mwaka huu? Je, aliiacha kwa kupima au kwa haya?

2. Ni jambo gani tunalomfanyia mtoto wetu kila siku, ambalo angaliweza kulifanya mwenyewe tukimpa muda?

3. Watoto wetu wamepata kutuona tukishindwa kisha tukarudia? Tuwasimulie kisa kimoja cha kweli.

4. Mtu wa nyumba hii akishindwa, huja kumwambia nani kwanza?